Ngoma ya Rammstein na haraka ya wahakiki

Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Bendi ya Rammstein ya Ujerumani imeukaidi usemi huo kwa muda mrefu. Ilianzishwa mjini Berlin mwaka wa 1994 na wanaume sita waliokulia upande wa mashariki wa nchi hiyo ilipokuwa bado imegawanyika, na albamu zake zote nane, kuanzia Herzeleid ya mwaka wa 1995 hadi Zeit ya mwaka wa 2022, zimepigwa na watu wale wale sita. Muziki wao huitwa metali ya viwandani. Ni roki nzito ambayo magitaa yake hunguruma kwa pamoja, ngoma zake hupigwa mfano wa nyundo juu ya chuma, na mwimbaji wake, Till Lindemann, huimba kwa sauti nene huku akiitetemesha herufi R kama mtu anayetoa amri kwa majeshi. Jukwaani moto huwaka kila upande.

Sikusudii kumshawishi msomaji aupende muziki huu. Wapo watakaoziba masikio kabla ya wimbo wa kwanza kufika katikati, nami sitawalaumu. Nimeuchagua kwa sababu moja. Jinsi albamu waliyoitoa mwaka wa 2019 ilivyopokelewa na wahakiki ni darasa kamili kwa yeyote anayefundisha au kujifunza fasihi. Ndani ya mjadala ule yamo maswali mawili yanayotusumbua kila tunapofungua diwani ya mashairi mbele ya wanafunzi. La kwanza: ni nani anayesema katika wimbo au shairi? La pili: ni lini msikilizaji anapata haki ya kutoa hukumu?

Hebu tuanze na hilo la pili, kwa maana ndilo lililozusha kelele.

Kufikia mwaka wa 2019, Rammstein walikuwa wamekaa miaka 10 bila kutoa albamu mpya. Mnamo tarehe 26 Machi mwaka huo walitoa kionjo cha video cha sekunde 35 tu. Ndani yake walionekana wanabendi wanne wakiwa wamevaa mavazi ya wafungwa wa kambi za mauaji za Wanazi, vitanzi vikiwa shingoni mwao. Kisha likaandikwa jina la wimbo, Deutschland, yaani Ujerumani, pamoja na tarehe katika tarakimu za Kirumi. Hakukuwa na maelezo mengine yoyote.

Ujerumani nzima ilitikisika. Charlotte Knobloch, mama aliyenusurika mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto na ambaye baadaye aliliongoza Baraza Kuu la Wayahudi nchini humo, alisema kwamba bendi ilikuwa imevuka mpaka. Felix Klein, afisa wa serikali aliyekuwa akishughulikia vita dhidi ya chuki kwa Wayahudi, alionya kwamba ikiwa picha zile zilikusudiwa kuuza muziki tu, basi uhuru wa sanaa ulikuwa umetumiwa vibaya. Wanasiasa nao hawakubaki nyuma. Kwa muda wa siku mbili taifa likawa linahakiki kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Tarehe 28 Machi video kamili ikatoka, ikiwa na urefu wa zaidi ya dakika tisa. Sasa ilibainika kwamba tukio la vitanzi lilikuwa sehemu ndogo ya simulizi ndefu ya historia ya Wajerumani. Simulizi hiyo inaanza mwaka wa 16 katika misitu walikopigana na Warumi, inapita kwa watawa wa enzi za kati wanaokula kwa ulafi, mabondia wa miaka ya 1920, vitabu vinavyochomwa moto, kambi ya mauaji, viongozi wa Ujerumani Mashariki, magaidi wa miaka ya 1970, hadi kwenye chombo cha angani. Katika kila enzi anajitokeza mwanamke mmoja anayewakilisha taifa lenyewe, Germania, na aliyepewa nafasi hiyo ni mwigizaji mweusi, Ruby Commey. Anatukuzwa, anajeruhiwa, anatawala, tena anavaa hata sare za watesi. Na wale wafungwa wenye vitanzi? Video inapoendelea, wanasimama na bunduki mbele ya wauaji wao.

Maneno ya wimbo wenyewe nayo hayana hata chembe ya majigambo ya kizalendo. Nafsineni anaizungumzia nchi yake kama mtu anayezungumza na mpenzi aliyemtenda maovu: anataka kumpenda, hawezi kumpenda. Mahali fulani mtunzi anachukua maneno mashuhuri ya ubeti wa kale wa wimbo wa taifa, ule ambao Wanazi waliupenda, anabadilisha herufi moja tu mwishoni, na sifa inageuka kuwa onyo. Mwalimu anayetafuta mfano wa kejeli iliyojengwa kwa herufi moja hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Basi, baadhi ya walioshutumu wakanyamaza. Magazeti ambayo yalikuwa yamejaa hasira yakajaa sasa maelezo ya kila ishara iliyomo katika video ile. Hata hivyo, wapo walioshikilia msimamo wao wakisema kwamba hata kama kazi nzima ina maana nzuri, mavazi ya watu waliouawa hayafai kugeuzwa kuwa tangazo la biashara.

Nionavyo mimi, pande zote mbili zilikuwa na haki kwa kiasi fulani, lakini haki zenyewe hazikuwa za aina moja. Waliohukumu video kwa kuona sekunde 35 walikosea, kwa kuwa walihukumu kitu wasichokijua. Waliohukumu kionjo chenyewe hawakukosea, kwa kuwa kionjo nacho ni kazi, kiliachwa kizurure peke yake kwa siku mbili, na walioamua kukikata mahali pale hasa walikuwa Rammstein wenyewe. Mtu akikupa kipande cha barua na kukuficha kilichobaki, hawezi kukulaumu kwa kutoielewa barua. Lakini nawe huna ruhusa ya kusema kwamba umeisoma.

Huenda msomaji akauliza kwa nini watu walikuwa wepesi kiasi hicho kuwashuku wanamuziki hawa. Sababu ipo, tena ni ya miaka mingi. Jalada la albamu yao ya kwanza liliwaonyesha vifua wazi, na wapo walioiona picha hiyo kama sifa kwa ule mwili wa Kijerumani uliotukuzwa na Hitler. Mwaka wa 1998 waliutolea wimbo Stripped video iliyotumia picha kutoka filamu ya Leni Riefenstahl kuhusu michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka wa 1936. Bibi huyo alikuwa mtengenezaji filamu aliyeutumikia utawala wa Kinazi kwa kipaji chake chote. Lawama zilikuwa kali. Mwaka wa 2001 bendi ilijibu kwa wimbo Links 2 3 4, uliotangaza kwamba moyo wao uko upande wa kushoto, lakini jibu lenyewe lilipigwa kwa mdundo wa gwaride. Wale waliowashuku hawakuridhika.

Lugha nayo ilichangia. Wimbo uliowapatia sifa ulimwenguni mwaka wa 1997 ni Du hast. Katika Kijerumani, maneno yenye maana ya "una" na "unachukia" hutamkwa sawasawa, nao mtunzi aliucheza utata huo ndani ya kiapo cha ndoa. Wasikilizaji wengi wa nchi za nje walisikia chuki peke yake. Wanafunzi wetu wanaofunzwa kwamba neno moja lenye maana mbili ni mali ya mshairi wangeielewa mbinu hiyo upesi kuliko wengi wa wahakiki wale.

Mwanafalsafa Slavoj Žižek aliwatetea kwa hoja ninayoiona kuwa nzito. Alidai kwamba Rammstein huchukua ishara na vishindo vilivyotumiwa na Wanazi, wakavinyang'anya itikadi iliyovibeba, hivi kwamba mtazamaji hubaki na vishindo vitupu na kuuona utupu wao. Hoja hii yaweza kukubaliwa au kukataliwa. Ninachokipenda ni kwamba inaanza kwa kuitazama kazi na kuuliza inafanya nini, badala ya kuanza kwa kumuuliza mtunzi anaunga mkono chama gani.

Serikali pia iliwahi kuingia katika kazi hii ya kuhakiki. Mnamo Novemba 2009, ofisi ya serikali inayowalinda vijana iliiweka albamu yao Liebe ist für alle da katika orodha ya kazi zisizofaa kuuziwa watoto, hasa kwa sababu ya wimbo mmoja unaohusu kuumizana. Mei 2010 mahakama ya Cologne ikausimamisha uamuzi huo. Kwa wanabendi hawa, haikuwa mara ya kwanza kusimamishwa mbele ya wapasishaji. Katika Ujerumani Mashariki ya ujana wao, mwanamuziki alilazimika kupimwa na jopo kabla ya kupewa kibali cha kupiga muziki hadharani.

Sasa tuifikie albamu yenyewe. Ilitoka tarehe 17 Mei 2019, bila jina. Juu ya jalada jeupe kulikuwa na njiti moja tu ya kiberiti, haijawashwa. Ina nyimbo 11. Ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo nchini Ujerumani na katika nchi nyingine kadhaa. Wahakiki wengi wa muziki wa roki waliisifu, wakisema kwamba miaka 10 ya kimya haikuupunguza ukali wa bendi. Wale ambao hawakuridhika walinung'unika kwamba mapishi yalikuwa yale yale ya tangu zamani: gitaa zito, kiitikio kikubwa, jambo moja la kuwashtua wazazi.

Manung'uniko hayo yana ukweli, lakini yanaupita mbio wimbo uitwao Puppe, yaani mwanasesere. Anayesimulia ni mtoto. Dada yake anafanya kazi ya kuuza mwili katika chumba cha pili, naye mtoto amepewa mwanasesere wa kumliwaza. Anachokisikia kupitia ukutani hakifahamu vyema, nasi tunakifahamu. Lindemann anaanza kwa sauti ya chini, kisha inapasuka na kuwa kilio ambacho si uimbaji tena. Hakuna gwaride. Iwapo ningeruhusiwa kuuchukua wimbo mmoja tu wa bendi hii na kuupeleka kwa walimu wenzangu, ningeuchukua huo, ili tujadiliane jinsi mtunzi anavyoweza kuusema uovu mkubwa kupitia kwa msimulizi asiyejua anachokisema. Radio nao unaikumbuka ile Ujerumani Mashariki, ambako mtu alijibana usiku karibu na redio akisikiliza kwa siri muziki wa ng'ambo ya mpaka.

Upo wimbo mwingine unaotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Unaitwa Ausländer, yaani mgeni kutoka nchi nyingine, neno ambalo huko Ujerumani mara nyingi hutamkwa kwa dharau dhidi ya wahamiaji. Rammstein wanaligeuza. Mgeni wao ni mwanamume wa Ulaya anayesafiri huku na huku akiwa na maneno machache ya kila lugha, yanayomtosha kutongoza wanawake. Katika video yake wanabendi wanashuka ufuoni mwa Afrika kutoka ndani ya boti, wakiwa na mikogo ya wakoloni wa zamani. Waliousifu waliiona dhihaka, na dhihaka kweli imo. Lakini mimi niliitazama nikiwa ni mtu wa upande wa ufuo ule. Nikaona kwamba kamera inawajua wageni kwa majina na tabia zao, ilhali wenyeji wanabaki kuwa umati. Nikarudi tena kuitazama Deutschland. Katika msururu ule wote wa vita na damu, nilivitafuta vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hadi 1907 nisivione. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha kwa ajili ya vita hivyo. Huo ni ukurasa ambao wahakiki wa Berlin, katika shughuli yao ya kufumbua kila ishara, wangepaswa kuuuliza uko wapi. Mhakiki huona kulingana na mahali aliposimama, na ndiyo maana nasi tuna wajibu wa kuhakiki hata kazi ambazo hazikutungwa kwa ajili yetu.

Nirejee kwenye swali la kwanza: ni nani anayesema? Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amekaririshwa kwamba nafsineni si mtunzi. Anayeimba kwamba ameua hajaua. Bila kanuni hiyo, fasihi yote ingefikishwa mahakamani. Rammstein wametetewa kwa kanuni hiyo kwa miaka mingi. Mwaka wa 2020 Lindemann alichapisha diwani ambamo lilikuwamo shairi moja, nafsineni wake akisimulia jinsi anavyomdhulumu mwanamke aliyeleweshwa usingizi. Wengi walikasirika. Shirika la uchapishaji la Kiepenheuer & Witsch lilimtetea likisema kwamba wasomaji wanamchanganya nafsineni na mtunzi.

Kisha ukafika mwaka wa 2023. Wanawake kadhaa walijitokeza na kueleza jinsi wasichana walivyokuwa wakichaguliwa miongoni mwa mashabiki na kupelekwa kwenye tafrija za mwimbaji huyo, na baadhi yao wakatoa tuhuma nzito zaidi. Lindemann alizikana kupitia kwa mawakili wake. Kiongozi wa mashtaka wa Berlin alianzisha uchunguzi mwezi Juni na kuufunga mwezi Agosti mwaka uo huo kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mbele ya sheria, basi, hakuna hatia, na safu hii haina mamlaka ya kuongeza neno juu ya hapo. Lakini ni lile shirika la uchapishaji ninalotaka tulitazame. Lilivunja uhusiano na mtunzi wake mwezi Juni, baada ya kubaini kwamba kitabu chake kimoja kilikuwa kimeonyeshwa ndani ya filamu ya ngono aliyoshiriki yeye mwenyewe. Lilieleza kwamba filamu ile ilikuwa imeidhihaki ile ile tofauti baina ya nafsineni na mtunzi ambayo shirika lilikuwa limeipigania.

Hapo ndipo fundisho lilipo. Kanuni ya nafsineni haikufa mwaka wa 2023. Ingali kweli kwamba shairi si ungamo. Lakini kanuni hiyo hutueleza tu tusilolipaswa kufanya, yaani tusimtie mtunzi hatiani kwa maneno ya mhusika wake. Haituelezi kwamba shairi ni zuri. Waliolitetea shairi lile mwaka wa 2020 wengi wao waliishia hapo hapo: si yeye anayesema, basi mjadala umefungwa. Hawakuuliza kama shairi lilituonyesha chochote kuhusu uovu ule au lilitualika tu tuufurahie. Lilinganishe na Puppe. Katika wimbo ule, mtunzi amemkabidhi mtoto sauti, nasi tunaumia pamoja na aliyeumizwa. Katika shairi lile, mdhulumiwa amelala na hana neno hata moja. Tofauti hiyo ilikuwa bayana katika maandishi yenyewe kabla mwanamke yeyote hajajitokeza, na mhakiki angeiona bila kuhitaji kuyachungulia maisha ya mtunzi.

Nayasema haya kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi kwa sababu makosa haya mawili yamo madarasani mwetu. Kosa la sekunde 35 ni la mwanafunzi anayeununua mwongozo, akasoma muhtasari wa sura na orodha ya maudhui, kisha akajibu swali kuhusu riwaya ambayo hajaifungua. Ni kosa pia la mzazi anayetaka kitabu kiondolewe shuleni kwa sababu ya ukurasa mmoja alioonyeshwa na jirani. Kosa la pili ni letu sisi walimu. Mwanafunzi anapouliza kwa nini shairi fulani linawasema wanawake vibaya, tunamjibu kwamba huyo ni nafsineni, kisha tunaendelea na idadi ya mizani. Tumempa kanuni ya kumnyamazisha, ilhali alikuwa ameanza kuhakiki.

Ningependekeza tumfunze mwanafunzi kuuliza maswali matatu, kwa utaratibu huu. Je, nimeisoma au kuisikiliza kazi yote? Je, ni nani anayesema, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kusema? Je, baada ya kumtenga mtunzi na nafsineni wake, kazi yenyewe inanifanya nione nini? Akishayajibu hayo, na atoe hukumu bila woga, hata kama ni kinyume cha mwalimu wake.

Wimbo mbaya haubembelezewi mwana, walisema wazee wetu, na sitaki mtu adhani kwamba natetea kila wimbo. Mimi mwenyewe nyimbo kadhaa za Rammstein nimezikataa, tena kwa sababu ninazoweza kuzitaja moja moja. Lakini hata mzazi anayeukataa wimbo hana budi kuusikiliza hadi mwisho, ndipo ajue anamkinga mwanawe dhidi ya nini.